Kwa Mwadi, Atakayefungua Sanduku

Mwadi mwanangu,

Kama unasoma karatasi hii, basi umelegeza skrubu nne za nyuma, umevuta kifuniko, na umeikuta imebandikwa kwa ndani na sparadrap ya mama yako, ile plasta ya vidonda. Nilijua utafungua. Nilikufundisha mwenyewe kwamba mashine iliyosafiri kwa lori haiwashwi kabla ya kufunguliwa na kadi zake kubonyezwa moja moja, maana barabara ya kutoka Likasi hadi Lubumbashi inang'oa hata meno ya watu. Na hata kama nisingekufundisha, ungefungua tu. Wewe ni binti yangu. Sanduku lililofungwa linakunyima usingizi.

Sasa angalia ndani vizuri. Unaona kwamba hakuna kilichoungua. Nilikudanganya.

Kompyuta yetu haikufa ile Jumapili mlipokuwa kanisani, wewe na mama yako. Ni nzima kama ulivyoiacha. Mjomba wako wa Lubumbashi hataiuza vipande vipande kama nilivyokuambia. Anajua kila kitu, na amekubali kukupa kona ya chumba chake cha mbele, karibu na mlango, watu wakuone wakipita. Ni yako. Utawapigia watu barua zao za kuomba kazi na kadi zao za harusi kama ulivyofanya hapa, na jioni utasoma masomo yako.

Usikasirike kabla ya kunisikiliza. Kama ningekuambia "ichukue," ungeniuliza: na weye, Papa, utafanya nini? Kisha ungefungua mzigo wako kama ulivyoufungua mwaka jana. Mashine ikiwa hai ilikuwa inakufunga hapa. Ilibidi ife.

Ulitaka kuitazama. Ulikuja na bisibisi yako mkononi, nami nikasimama mbele ya meza nikakukataza. Mimi, ambaye miaka minne mizima nimeuhubiria mji huu kwamba kila kilichofungwa kinaficha kitu. Uliirudisha bisibisi mfukoni, ukasema, "Ni sawa, Papa," ukaenda kuchambua mchele. Labda ulijua. Kama ulijua, ahsante kwa kuniacha niseme uongo wangu mpaka mwisho.

Mambo ya maji ya kuchemsha na ya kutotembea na pochi wazi mama yako amekwisha kukuambia, na atayarudia kesho asubuhi lori likiwa linaondoka. Mimi nina jambo moja tu. Nataka kukueleza juu ya sanduku hili, kwa sababu kila mtu hapa mtaani Panda anajua nusu ya habari, na nusu hiyo niliieneza mimi.

Unakumbuka mashine ilivyofika. Yule mhandisi wa Ulaya alikuwa anafunga nyumba yake baada ya uporaji, akaniachia kwa sababu niliwafundisha watoto wake Kiswahili. Ilikuwa na sanduku lake, la rangi ya maziwa, zuri kama jino jipya. Ilifanya kazi miezi saba. Halafu, mwezi wa kumi, joto likiwa linapasua mawe, ikazimika katikati ya kazi na ikakataa kuamka. Nilikasirika, nikang'oa kifuniko, nikapapasa huku na huku kwa vidole, nikajaribu tena. Ikaamka.

Mtu mwenye akili angejiuliza ameshika nini. Mimi sikujiuliza. Nilikuwa nimekwisha kupata hoja. Nilisema: ilikuwa inakosa pumzi, sanduku ndilo lililokuwa linaiua. Jioni ile nikatoa kila kitu, nikakipanga juu ya ubao wa mulombwa, ule mti mgumu, na kuupigilia ubao ukutani, kadi nje, nyaya nje, feni inazunguka hewani. Wiki hiyohiyo nikaandika katika karatasi yangu ya ukutani ile makala iliyowachekesha wote sokoni Kikula, "Dhidi ya Masanduku." Sitakuficha kwamba niliipenda. Niliandika kwamba nchi nzima ni mashine iliyofungiwa ndani ya bati, mkubwa mmoja ana bisibisi, na sisi wengine tunasikia tu inavyounguruma.

Mama yako alikuja, akasimama mlangoni na kikapu kichwani, akatazama ubao. Akasema, "Leo anavula mashini nguo. Kesho atavula nyumba mabati." Kisha akachukua kifuniko cha rangi ya maziwa, akaenda nacho Kikula kwa Papa Musonda, fundi wa mbabula, majiko ya makaa, na akarudi na mbabula mpya. Tumepikia bukari, ugali wetu, juu ya sanduku la kompyuta miaka mitatu. Wageni walikuwa wanauliza bati gani hilo lisilopata kutu.

Miezi mingi baadaye ulikuwa unasafisha kadi kwa unyoya wa kuku, kama kila asubuhi, kwa sababu vumbi la kiwanda lilikuwa linalala juu ya shaba zake kama unga. Uliniambia bila kugeuka kwamba kadi ya kioo, ile inayoleta picha, imelegea kidogo, na ikilegea mashine inazimika. Ukaibonyeza kwa kidole gumba. Nikaelewa palepale. Ile siku ya mwezi wa kumi haikuwa hewa. Ilikuwa kadi. Nilipopapasa kwa hasira niliirudisha mahali pake bila kujua, na sanduku halikuwa na kosa lolote.

Nilielewa, Mwadi, na sikusema. Makala ilikuwa imekwisha kubandikwa. Watu walikuwa wananisalimia kwa jina la Papa Bila Sanduku, na nilikuwa naitika. Nimesoma vitabu vingi kuliko mtu yeyote katika mtaa huu, na sikupata hata kimoja kinachomfundisha mtu kushuka kutoka kwenye kiti alichokwisha kupanda mbele za watu.

Kuna jambo jingine ambalo hukuwahi kunishtaki nalo, ingawa ulilala katika chumba hicho. Mwaka uleule nilioivua mashine ndio niliojenga tofali kwenye madirisha ya nyumba. Yote matatu ya upande wa barabara. Nilikuwa naogopa waporaji kurudi. Ulinisaidia kuchanganya udongo, ukauliza kama tutabaki na hewa, nikakujibu kwa hasira. Niliifungua mashine na kuifunga nyumba. Niliuhubiri uwazi pale ambapo haukunigharimu kitu, na nilipoogopa mimi mwenyewe nilichukua mwiko wa fundi mwashi. Tangu siku hiyo tunawasha taa saa nne ya asubuhi, umeme ukiwepo, na usipokuwepo tunakaa kama viazi ndani ya gunia. Naandika barua hii kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma kwa sababu ndipo penye mwanga.

Nimekwisha kuzoea. Hilo ndilo linalonitisha. Treni ilipoacha kuja tulisema itakuja. Kazi ilipopungua kiwandani tulisema itarudi, na kila asubuhi wanaume wa kambi yetu ya wafanyakazi bado wanavaa overoli zao, wanatembea mpaka getini, wanasalimiana, wanarudi. Niliwacheka katika karatasi yangu. Halafu siku moja nilijiona nimevaa koti na tai ili nivuke kutoka chumba cha kulala hadi chumba cha ubao.

Ilipokuja barua ya kukuita chuoni Lubumbashi, mwaka jana, nilikuwa nimekwisha kuandika kwamba vijana wanaoondoka Likasi ni panya wa meli inayozama. Nilikuwa nimeandika, kwa hiyo nilipaswa kulinda nilichoandika. Sikukukataza. Mimi sikatazi watu, mimi najadiliana nao mpaka wachoke. Nilikuambia, "Mwaka mumoja tu, Mwadi. Nikishajua kuiendesha, utaenda." Na wewe ukafungua mzigo wako, ukarudisha nguo kwenye msumari.

Sikujifunza kuiendesha. Kila ulipotaka kunionyesha namna ya kuhifadhi kazi kwenye diski, nilianza kuongea juu ya serikali. Ulidhani ni uzito wa kichwa changu, ukawa unarudia taratibu, kwa upole ule ambao mtu humwonyesha mzee. Kichwa changu hakina uzito wowote. Nilijua kwamba siku nitakayojua, utaondoka.

Sasa nafika kwenye mkono wako.

Mashine za aina hii zina swichi inayobeba umeme wa ukutani wenyewe. Nyaya nne nene zinatoka ndani mpaka kwenye uso wa sanduku, na swichi inakaa pale, imeshikwa na bati. Ukiondoa sanduku, swichi haina pa kukaa. Yetu ilikuwa inaning'inia pembeni ya ubao kama panya aliyeshikwa mkia, na kwa kuwa utepe wa mafundi umeme haukupatikana mjini, niliifunga kwa sparadrap ya kidonda. Ulinionya mara mbili kwamba wakati wa mvua sparadrap inabanduka. Mara ya pili nilikuambia usiwe mwoga kama watu wa masanduku.

Siku ile mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi. Alikuja mwalimu wa sekondari na karatasi za mtihani, ana haraka, viatu vyake vinatoa maji. Nilikuwa nimesimama namweleza habari ya ubao, maana ndiyo mara yake ya kwanza kuuona. Nilikuwa nasema, "Nchi hii itapona siku kila muntu atakubali utumbo wake uonekane." Nilikuwa nimefika kwenye "atakubali" wakati ulipopeleka mkono kwenye swichi.

Ulitupwa ukutani. Sikusikia sauti yako, nilisikia sauti ya mgongo wako kwenye tofali.

Mwadi, nilimaliza sentensi.

Miezi yote hii nimejaribu kuikumbuka vingine. Nimejiambia kwamba ulimi ulikuwa umekwisha kwenda, kama baiskeli kwenye mteremko. Lakini najua nilivyosikia: nilikuona umeanguka, na mdomo wangu ukasema "utumbo wake uonekane," maneno yote matatu, ndipo nikageuka. Aliyechomoa waya ukutani alikuwa mwalimu. Aliyekubeba alikuwa mwalimu. Mimi nilikuwa nimesimama na mkono mmoja bado hewani, pale nilipokuwa nimeunyanyua kwa ajili ya hoja.

Wewe hukuniambia neno, wala siku ile wala baadaye, hata wiki ulizoshindwa kushika kijiko. Kidole chako gumba hakikunjiki vizuri mpaka leo. Nakiona kila unapofunga kitufe. Mama yako naye hakupiga kelele. Siku ya tatu alitoka jikoni ameshika mbabula kwa vitambaa viwili, makaa bado yana moto. Akaitua juu ya meza yangu, juu ya karatasi zangu.

"Rudisha," akasema.

Nilimwaga makaa, nikangoja bati lipoe, nikaenda nayo Kikula.

Papa Musonda unamjua, yule asiyeweza kusema bila kugonga kitu. Aliitazama mbabula yake, akaigeuza, akacheka. Akasema mbabula hairudi kuwa sanduku, kama vile kuku aliyeliwa harudi kuwa yai, lakini anaweza kunitengenezea lingine. Ana mlango wa kabati la chuma la ofisi. Nilipaswa kumshukuru na kunyamaza. Nilianza kubishana. Nikamwambia sawa, sanduku litalinda mikono ya watu, hilo nimelikubali, lakini mashine itapata joto, kwa sababu kilicho wazi kinapata hewa zaidi kuliko kilichofungwa, jambo ambalo hata mtoto analijua.

Alichukua makaa matatu yenye moto, akayaweka chini, peupe. Akachukua mengine matatu, akayatia ndani ya mbabula yetu. Akavuta sigara yake taratibu, tukatazama. Yale ya chini yakavaa majivu na kufifia. Yale ya ndani yakawa mekundu mpaka yakaanza kulia.

"Papa," akasema, "weye njo muntu wa mabuku. Minye niko muntu wa moto tu. Sasa nionyeshe: wapi kwenye hewa inapita?"

Nikasema hewa iko kote.

"Iko kote, haina inapita. Hewa ya kote ni ya bule. Hewa inaomba mulango kidogo pa chini ya kuingilia, na kingine pa yulu ya kutokea. Minye nikikata ile milango muzuri, mama anaivisha bukari. Nikikata mubaya, analia moshi. Ni ile ile hewa."

Nikamwambia yeye anataka moto uwake na mimi nataka mashine ipoe. Akaniambia upepo haujui tunataka nini. Unapita tu pale ulipoonyeshwa, na ukipita juu ya makaa unayawasha, ukipita juu ya uji unaupoza. Akaanza kugonga.

Nilikaa kwake siku nne. Alikata tundu la mbele, chini, na la nyuma, juu, kwa ajili ya feni. Swichi tukaifunga kwenye uso wa bati kwa skrubu mbili, na waya wa ardhi nikaukaza kwenye sanduku lenyewe kwa mikono yangu, jambo ambalo ubao wa mulombwa usingeweza kulipokea hata ningeuandikia makala kumi. Tukaliacha na rangi yake ya kijani ya ofisi. Upande wa kushoto bado unaonekana mahali palipokuwa na kibao cha jina la mtu. Tumeziba matundu yake kwa ribiti.

Niliiwasha nyumbani peke yangu, mchana wa joto, saa tatu mfululizo. Kila baada ya nusu saa nilizima, nikafungua, nikaweka kidole kwenye ile kadi iliyokuwa inaniunguza ilipokuwa wazi ukutani. Ilikuwa vuguvugu. Mimi niliyeshinda mabishano na mapadre, wachungaji na wakubwa wa kiwanda, nilishindwa na kidole changu mwenyewe.

Nilitaka kuandika makala ya kujisahihisha. Nilikaa, nikaianza mara tatu, na mara zote tatu ilinigeukia ikawa makala dhidi ya watu wengine. Kwa hiyo nakuandikia wewe badala ya soko zima. Sikuwa sahihi. Sikuwa sahihi juu ya sanduku, sikuwa sahihi juu ya panya wa meli, na juu ya ule mwaka mmoja nilikuwa mwizi.

Usidhani nakutumia mashine ili unisamehe. Nakutumia kwa sababu ni yako tangu siku ile ya mvua, na mimi nimeishika tu. Wala usianze kupanga namna ya kunitoa hapa. Najua utaanza. Mama yako ana meza yake ya unga Kikula na hataki kusikia habari ya mji mwingine. Mimi kifua changu hakipandi lori tena, na nyumba ya kambi ikiachwa wiki mbili inapata mwenyewe mpya. Nimejifungia kidogo kidogo, kwa tofali langu mwenyewe, miaka mingi, na sasa niko ndani. Jana nilijaribu kutoa tofali moja la dirisha la chumba chako. Nilitumia saruji nzuri mno. Nimefanikiwa kutoboa tundu la kupitisha ngumi, chini, karibu na sakafu. Kesho ukishaondoka nitatafuta pa kutoboa lingine juu, upande wa pili, nione kama Papa Musonda anasema kweli pia kwa nyumba.

Sasa bonyeza kadi. Anza na ile ya kioo, inayopenda kulegea. Angalia waya wa ardhi kama umekaza. Halafu rudisha kifuniko, kaza skrubu zote nne, hata ile ya kona inayokataa, ndipo uwashe. Usiifanyie kazi ikiwa wazi, hata siku moja, hata mteja akisimama mbele yako na saa mkononi, hata akija mzee mwenye maneno matamu juu ya uwazi. Mwache aongee. Wewe kaza skrubu.

Na kama siku moja mkono huo utakuuma wakati wa mvua, uniandikie tu kwamba unauma. Usiniandikie kwamba ni sawa.

Nakusikia uani. Kamba ya mzigo imekushinda kwa kile kidole, na unaniita. Nilikuwa nataka bado kukueleza kwamba siku ulipozaliwa, mimi—